Fielder 4WD na Probox 4WD za mkononi, nesi wa Lushoto achukue ipi?

Swali lenyewe: "Shikamoo fundi. Mimi ni nesi, nakaa Lushoto mjini ila zahanati yangu ipo huko juu njia ya Mtae, lami ikiisha ni vumbi au matope, inategemea mwezi. Nina watoto wawili na mama mzee ana shida ya mgongo, kila mwezi nampeleka kliniki Tanga. Jumamosi natoa viazi shambani. Nimepata Fielder 4WD ya 2005 kwa milioni 11 na Probox 4WD ya 2006 kwa milioni 10, zote za mkononi. Kaka yangu anasema niachane nazo nitafute Subaru Impreza. Picha za juu na chini nimetuma. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza asante kwa kulala chini ukapiga picha za uvunguni, wateja wengi wananitumia picha za taa na rimu tu alafu wanataka niwaambie kama gari ni zima. Picha zako nimeziangalia mara tatu, nikazikuza kwenye simu, na kuna kitu kwenye ile Fielder muuzaji hajakwambia. Nakuja hapo sasa hivi, ila ngoja kwanza nikueleze hizi gari zikoje maana ukishaelewa hapo na hilo tatizo utalielewa vizuri zaidi.

Hizi gari ni ndugu kabisa, zote Toyota. Fielder ya mwaka huo ni ile ya kizazi cha kwanza iliyotoka 2000, Probox ilitoka 2002, na zikiwa 4WD ya cc 1500 zote zinabeba injini ile ile, 1NZ-FE, cc 1496, hosipawa kama 105 hivi, taimingi yake ni ya cheni sio mkanda. Ni injini ambayo fundi yeyote kuanzia Mombo mpaka Mlalo ameshaifungua, spea zake zipo kila duka, na ukimwaga oil kila kilomita 5,000 bila kuruka itakutunza. Kwa hiyo ile hoja kwamba "Fielder ina injini nzuri zaidi" mtu akikwambia mwambie asante endelea na safari yako. Zote utazisikia zinachoka kidogo huko kwenu, na sio ubovu, Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda, hewa ni nyepesi, ndo maana gari ya Tanga mjini ikifika Magamba inaonekana kama imebeba mawe. Usikubali mtu akuuzie plagi na pampu ya mafuta kwa sababu hiyo.

Na hata hiyo 4WD yenyewe ni ya mtindo mmoja. Muda mwingi gari inavutwa na tairi za mbele, kuna propela, ile shafti ndefu inayotoka mbele kwenda difu ya nyuma, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi za nyuma, na kabla ya difu kuna kapulingi yenye visahani vingi ndani vimezama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Tairi za mbele na za nyuma zikizunguka sawa kapulingi imetulia tu. Za mbele zikianza kuteleza zinazunguka kuliko za nyuma, visahani vinapishana, yale mafuta yanapata moto na kushika, ndo nguvu inakwenda nyuma. Hamna swichi ya kubonyeza, hamna gia ya mlima kama ya Land Cruiser, na ujue za mbele lazima ziteleze kidogo kwanza ndo nyuma iamke. Kwa udongo mwekundu wa kwenu unaokuwa kama sabuni mwezi wa nne hiyo inatosha kabisa kukutoa kwenye kilima ambacho gari ya kawaida inabaki inachimba, nimeona mara nyingi. Ila inatosha ikiwa tu kila kitu huko chini kipo na ni kizima.

Sasa picha ya tatu ya Fielder, ile uliyopiga kutokea upande wa ekzosi. Difu ya nyuma inaonekana vizuri, ipo, na muuzaji nadhani ndo hiyo aliyokuonyesha. Angalia mbele ya difu pale propela inapotakiwa kufungwa, ikuze. Unaona ile flenji ya duara haijashika kitu? Tundu za boliti zipo wazi na ndani yake vumbi jekundu limeingia likakauka mpaka limekuwa kama simenti. Alafu fuata kwa jicho kwenda mbele, katikati ya gari juu kwenye sakafu kuna sehemu mbili za kufungia beringi ya kati ya propela, nazo ziko tupu. Propela haipo mdogo wangu. Imetolewa, na sio jana, vumbi la namna hiyo ni la misimu zaidi ya mmoja. Hiyo unayouziwa milioni 11 ni Fielder ya kuvutwa mbele tu, tena imebeba uzito wa difu ya nyuma bure.

Usishangae kwamba gari inatembea. Itatembea vizuri tu, ulaji wa mafuta utashuka hata kidogo, na kwenye lami hutajua kitu. Kwa nini wanaitoa? Mara nyingi ni beringi ya kati au krosi za propela, vile viungo vyake vinavyopinda, zimeisha gari inanguruma ikifika spidi 60, mwenye gari anaambiwa bei ya spea anaona nyingi, fundi anamwambia "tuitoe tu mkuu, itakuwa nyepesi". Au kapulingi imeungua imejibana, gari ukikata kona kali inagoma kama mtu kakanyaga breki, wakitoa propela tatizo linaisha. Mteja anaondoka amefurahi, miaka miwili baadaye anaiuza na stika ya 4WD ipo kwenye mlango wa nyuma.

Hii inaniuma kwa sababu ilinipata mimi mwenyewe. Kabla sijajua kazi vizuri nilinunua gari ya hivi kwa mtu niliyemwamini, sikulala chini, niliangalia bodi na kusikiliza injini. Mwezi wa tano nikampeleka shemeji yangu mjamzito hospitali usiku na mvua, tukafika kilima kimoja gari ikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea korongoni, za mbele zinarusha tope na za nyuma zimetulia kama zimelala. Tulitoka salama, watu wa kijiji walitoka kusukuma, lakini zile dakika sijazisahau na ndo maana kila anayeniuliza 4WD nitamwambia lala chini kwanza, wewe mwenyewe, na tochi.

Unaweza kusema basi nimwambie arudishe propela. Inawezekana, propela ya mtumba na kapulingi vinapatikana Ilala Dar, ila hujui walitoa kwa sababu gani. Kama kapulingi au difu ndo iliyokufa utafunga propela nzuri alafu uanze safari ya kutafuta na hivyo vingine. Mimi ningemwambia muuzaji hivi, funga kila kitu, niendeshe kwenye matope na kwenye kona, alafu tuongee bei, na akikataa achana nayo bila kubembeleza. Asikupunguzie laki tano ukadhani umepata.

Tuje Probox. Hapa propela ipo, naiona yote mpaka mwisho, beringi ya kati raba yake haijachanika, na kwenye difu kuna unyevunyevu wa oil pale sili inapoingia ila haidondoki. Hiyo ni kazi ndogo. Kinachonisumbua ni tairi. Za mbele mpya kabisa, vile vinywele vya raba bado vipo, za nyuma vipara. Ndo tabia yetu, mtu ananunua tairi mbili anaweka mbele anaona amemaliza. Kwa gari ya kawaida sawa, kwa hii ni sumu. Tairi mpya ina kina cha kama milimita 8, iliyoisha imebaki na 1 au 2, kwa hiyo upana wa duara lake unapungua zaidi ya sentimita moja. Tairi ndogo inazunguka mara nyingi zaidi kwenye njia hiyo hiyo, kapulingi inaona mbele na nyuma hazilingani kila sekunde, hata kwenye lami iliyonyooka Korogwe mpaka Segera, inafanya kazi muda wote, inapata moto, na mwisho inajibana. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni ametembea nazo hivyo muda gani, na jibu lolote atakalotoa wewe ipime.

Kuipima ni rahisi. Tafuta kiwanja kikavu kigumu, uwanja wa shule au stendi asubuhi. Gari iwe imetembea nusu saa imeshika moto. Kata usukani mpaka mwisho, acha gari izunguke yenyewe polepole bila mafuta mengi, duara mbili kulia, duara mbili kushoto, redio izime. Ikizunguka laini ipo salama. Ikiwa inajivuta, inaruka ruka, tairi zinalia kwenye vumbi au ikitaka kusimama yenyewe, kapulingi imeshaanza kuungua, usinunue. Alafu ipeleke barabarani mpaka 80, sikiliza katikati ya gari chini ya miguu yako, mngurumo unaokuja na kupotea kadri ya spidi ni beringi ya kati au krosi. Ukisikia "tok" moja nzito ukitoa na kurudisha mguu kwenye mafuta nayo ni krosi.

Alafu kuna herufi moja nataka uniangalizie. Fungua boneti, kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi kuna kibati cha namba ya chasi. Probox 4WD yenye injini hii modeli iliyoandikwa hapo ikiwa na NCP55V ni gari ya mzigo, ikiwa na NCP59G ni wagoni ya familia. Kwa nje zinafanana kama mapacha, lakini siti ya nyuma ya ile V ni nyembamba, mgongo wake umesimama wima na sponji yake ni ya kukalia dakika kumi, wakati ya G imetengenezwa kwa mtu kukaa safari. Huko Japani ile ya V ni ya mafundi na maofisa mauzo, ndo maana katikati ya dashibodi kuna kile kimeza cha kuvuta, cha kuandikia risiti. Kwa hali ya mama hii herufi ni muhimu kuliko rangi ya gari. (Na Fielder yoyote utakayoangalia baadaye, 4WD ya cc 1500 ya kizazi hicho ni NZE124, ukikuta NZE121 ni ya kuvuta mbele, hata stika iseme nini.)

Kwa kukaa, Fielder inaishinda Probox, sikufichi. Siti, kelele za ndani, jinsi inavyopita kwenye barabara ya rasta, Fielder ni gari ya watu. Probox nyuma ina ekseli nzima ya mtindo wa mzigo na springi ngumu, ikiwa tupu inarukaruka, unasikia kila jiwe kwenye kiuno. Watu wa mchomoko, zile gari ndogo za kubeba abiria, wanaipenda kwa sababu ikijazwa ndo inatulia, na kwa viazi vyako ni hivyo hivyo. Ile ya V imepimwa kubeba kilo 400 mkiwa wawili mbele, na mkiwa watano ni 250. Lumbesa moja ya viazi, gunia lililojazwa kupita mdomo, inapita kilo 100 kwa mbali, kwa hiyo mbili mmekaa vizuri, tatu ndo mwisho, nne hapana, hata kama jirani yako anabeba sita. Fielder ukiipakia lumbesa mbili nyuma itainama, na baada ya mwaka utakuwa unanunua shokapu na bushi.

Kama gari zote mbili zingekuwa nzima ningekwambia Fielder, kwa ajili ya mama na watoto, viazi ni siku moja kwa wiki na unaweza kukodi bodaboda ya miguu mitatu. Lakini hatuchagui gari za kwenye karatasi, tunachagua hizi mbili ulizoziona, na moja sio 4WD tena. Kwa hiyo jibu langu ni Probox, kwa masharti: duara zipite laini, na bei ishuke kwa gharama ya tairi nne. Nne, sio mbili. Kampuni moja, saizi moja, siku moja. Zile mbili mpya za mbele mwachie abaki nazo au uziuze, na ukinunua chukua zenye meno ya kukamata udongo kidogo, zinazoitwa za mzigo, sio hizi laini za mjini. Nakwambia ukweli Probox ya kuvuta mbele yenye tairi nzuri inapanda kuliko 4WD yenye vipara. Baada ya hapo kila kilomita 10,000 zungusha za mbele nyuma ziishe pamoja. Ikiwa ni V, mama akae mbele, siti ya mbele ya Probox sio mbaya, mrudishie mgongo kidogo, weka mto mwembamba kiunoni, na shuka naye polepole Soni mpaka Mombo.

Hapo kwenye kushuka naomba unisikilize vizuri zaidi ya hayo yote ya juu. 4WD inasaidia kuondoka na kupanda. Haisaidii kusimama na haisaidii kukata kona. Gari zote zina breki nne, hii haina ya tano. Ule mteremko wa Lushoto kuja Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona, na ukisimama pale maporomoko ya Soni utanusa breki za magari ya wageni zimeungua, harufu kama ya kucha ikichomwa. Probox ikiwa ya otomatiki weka 2, pakikaa vibaya L, acha injini ishike gari na breki uziguse tu. Ikiwa ya manyuo ndo raha zaidi, gia uliyopandia ndo ya kushukia. Kwenye matope nako usikanyage mafuta kwa hasira, gia ya pili, mguu mmoja, usisimame katikati ya kilima, na ukiona gari inakwenda pembeni toa mguu, usishike breki ghafla.

Kaka yako na Impreza yake hajakosea, ile inagawa nguvu mbele na nyuma muda wote na kwenye utelezi imekaa vizuri kuliko hizi. Ila nyingi za umri huo ni za mkanda unaotakiwa kubadilishwa karibu kilomita 100,000, na injini yake imelala, kubadilisha plagi tu ni kazi. Muulize nani ataitengeneza Lushoto siku ya Jumanne ikikuzimikia. Kama jibu ni "tutaivuta mpaka Tanga" basi kwa kazi yako ya zahanati sio gari yako.

Na tukitaja kuvuta, Probox hii ikiharibika usikubali breakdown anyanyue mbele nyuma iburuzwe, kapulingi itaungua njiani. Ipandishwe nzima, na kama hamna, ivutwe kwa kamba tairi zote nne chini, gia nyutro, polepole na umbali mfupi.

Ukishanunua, kabla hujaanza kuipeleka kazini, mwaga oil zote, sio ya injini peke yake. Difu ya nyuma ina oil yake, ile nzito ya GL-5, na gari nyingi za hivi haijawahi kuguswa tangu zitoke kwenye meli. Mwambie fundi afungue boliti ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia, akimwaga kwanza alafu ya juu ikagoma gari imelala hapo hapo. Oil ikitoka na unga unaong'aa kidogo ni kawaida, vipande vya chuma hapana.

Karatasi haraka haraka: namba ya chasi kwenye kibati ilingane na kwenye kadi ya gari, jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia au awepo mwenyewe, angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na uhamisho wa TRA ufanyike hela ikiwa bado haijatoka yote mkononi.

Nenda Jumamosi asubuhi, umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, nataka uione ikiwaka ya baridi, simama nyuma ya ekzosi na kitambaa cheupe. Moshi wa bluu unaoendelea zaidi ya dakika moja ujue inakula oil. Kisha nipigie picha tatu tu: kibati cha chasi, upande wa ndani wa kofia ya oil, na tairi zote nne kwa karibu. Nitumie kabla hujatoa hata shilingi, nitakujibu siku hiyo hiyo.